Ufunguo wa Wengi Usikae Mfukoni mwa Mmoja



Ndugu wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mtusomao kila juma kutoka Mwanga, Ujiji, Kibirizi na kokote walikotawanyika wana wa Kigoma, juma hili tunapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa juujuu laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini kwa undani wake ni jambo la uaminifu katika kutunza mali ya wengi.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi, kwaya, shule au ofisi ina kompyuta mpakato moja, na ndani yake mna kumbukumbu zake zote. Asubuhi moja kompyuta inawashwa, na badala ya kuomba nywila ya kila siku inaleta skrini ya buluu ikidai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Katibu hajapata kuuona ufunguo huo. Mwenyekiti hajapata hata kuusikia. Mhazini anamtazama katibu, katibu anamtazama fundi, na fundi anatazama saa. Kumbukumbu zote zimo humo humo, hazijaibiwa, hazijaungua, wala hakuna awezaye kuzisoma.

Hapa Gungu mambo ya namna hii yamekwisha kuzungumzwa kwa njia mbili, na zote mbili twazikataa. Wa kwanza husema: "Tafuteni fundi mzuri, ataifungua." Wa pili husema: "Kufuli hizi za kisasa ni balaa, zizimwe zote." Sisi twasema kwamba fundi hataweza, na kufuli haina kosa. Kosa ni la desturi yetu ya kuuacha ufunguo wa mali ya wengi mfukoni mwa mtu mmoja, kisha tukaiita desturi hiyo usalama.

Ili tusibishane gizani, tueleze kwanza kufuli hiyo inavyofanya kazi. Katika kompyuta zitumiazo Windows huitwa BitLocker, nayo ilianza kuonekana pamoja na Windows Vista mwaka 2007. Kazi yake ni kuyasimba yote yaliyomo ndani ya diski, yaani kuyageuza kuwa fumbo lisilosomeka kwa yeyote asiye na ufunguo. Nywila ya kawaida ni kama mlango wa mbele tu: mwizi aliyeshindwa na mlango aweza kuichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akasoma kila kitu. Diski iliyosimbwa haisomeki hata ikihamishwa. Hiyo ni kinga ya kweli, nasi hatutaidharau.

Kwa siku za kawaida mwenye kompyuta haoni lolote, kwa sababu ufunguo hutunzwa na kijisehemu kiitwacho TPM, kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe. Kompyuta inapowashwa, kijisehemu hicho hukagua kama mambo yako kama yalivyokuwa jana. Yakiwa sawa, huutoa ufunguo kimya kimya. Lakini ubao mkuu wa kompyuta ukibadilishwa, au mipangilio ya kuwashia ikiguswa, au programu ya msingi ikisasishwa, kijisehemu hicho huweza kushuku wizi na kukataa. Hapo ndipo tarakimu 48 hudaiwa. Wala si lazima pawe na mwizi au fundi. Mwezi Julai 2024 sasisho la kawaida la usalama la Windows lilizifanya baadhi ya kompyuta ziamke zikidai ufunguo huo, na mwezi Mei 2025 jambo kama hilo likazipata tena baadhi ya kompyuta za Windows 10. Wenye kompyuta hizo hawakuwa wamegusa kitu.

Tarakimu hizo 48 zimepangwa katika mafungu 8 ya tarakimu 6, na kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki, ili anayekosea kuandika agundulike mapema. Mtu aweza kudhani kwamba kwa kubahatisha atafika. La hasha! Idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Kama ingepatikana mashine ya kujaribu funguo bilioni moja mara bilioni moja kwa kila sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka trilioni 10 kuzimaliza zote, ilhali wataalamu wa nyota wanaukadiria ulimwengu wote kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8. Kampuni ya Microsoft yenyewe inatangaza waziwazi kwamba watumishi wake hawawezi kuutafuta, kuutoa wala kuutengeneza upya ufunguo uliopotea. Ni kweli kwamba watafiti wamewahi kuonyesha nyufa katika kufuli hii, lakini nyufa hizo hutegemea kijisehemu kile kile kilichotunza ufunguo. Kikiwa kimetupwa pamoja na ubao wa zamani, hakuna ufa wa kupitia.

Basi, ndugu, akija mtu akawaambia kwamba kwa shilingi kadhaa ataifungua kompyuta ya kikundi pasipo ufunguo, mwulizeni swali moja tu: atairudisha pamoja na vilivyomo? Wanalolifanya wengi wa hao ni kuifuta diski yote na kuweka Windows upya. Kompyuta itawaka, itapendeza, itakuwa nyepesi kama mpya, nayo itakuwa tupu. Amewarudishia sanduku, fedha hazimo. Na alichokifuta ndicho pekee kilichokuwa na matumaini ya kupatikana siku ufunguo utakapoonekana. Anayechukua fedha ya wajane na wavuvi kwa kazi kama hiyo, bila kuwaambia mapema kwamba atafuta, anawaibia mara mbili.

Sasa tuulize: ufunguo huo hupotelea wapi? Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, kompyuta mpya au iliyowekwa Windows upya hujisimba yenyewe pale mtumiaji aingiapo kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Hatuwalaumu waliotengeneza kwa kuweka kufuli. Twawalaumu kwa kuifunga nyumba ya mtu bila kumweleza, kwa lugha anayoielewa, kwamba nyumba imefungwa na ufunguo umepelekwa wapi.

Lakini tusiwatupie watu wa mbali mzigo wote. Akaunti hiyo huwa ni ya nani kwetu sisi? Mara nyingi kompyuta inapoletwa kutoka Dar es Salaam, ikiwa mpya au iliyokwisha kutumika, hukabidhiwa kijana anayejua "kuweka mambo sawa", naye, ili amalize haraka, huingia kwa baruapepe yake mwenyewe. Au hufungua akaunti mpya papo hapo, kwa jina alilolibuni na namba ya simu iliyokuwa karibu, kisha huisahau jioni ile ile. Baadaye laini ile inapotea au inakaa bila kutumika mpaka inafungwa, na namba yake hatimaye hupewa mtu mwingine. Siku ufunguo unapodaiwa, akaunti inataka kutuma ujumbe wa uthibitisho kwenye simu isiyokuwapo tena. Kijana yuko Mwanza, au yuko Bujumbura, au amekwisha kuzikwa. Hakuna aliyefanya uovu, kila mmoja alifanya kazi yake kwa haraka, na hakuna aliyeuliza, "Je, huyu akiondoka?"

Kuna watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwamba kompyuta ni chombo tu, na kikundi kikipoteza kumbukumbu kitaanza upya. Wenye kusema hivyo hawajatafakari vilivyomo. Katika kompyuta ya kikundi cha kuweka na kukopa mna orodha ya hisa za kila mama, mikopo iliyotolewa na marejesho yaliyolipwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililofungwa pasipo ufunguo halina tofauti na daftari lisilokuwapo: aliyelipa hawezi kuonyesha kwamba amelipa, na asiyelipa anapata kinywa cha kudai kwamba alikwisha lipa. Mama anayeuza dagaa, aliyeweka akiba juma kwa juma kwa ajili ya karo, anabaki na neno lake tu mbele ya neno la mwingine. Vikundi huvunjika kwa mambo ya namna hiyo, na undugu huvunjika pamoja navyo.

Yapo makubwa kuliko fedha. Parokia nyingi zimeanza kuingiza vitabu vya ubatizo na vya ndoa katika kompyuta, na hilo ni jema. Lakini yatupasa kukumbuka kitabu cha ubatizo kina uzito gani katika mkoa kama wetu. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa anapokwenda kuomba usajili aliocheleweshewa, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya nyaraka zinazoweza kusaidia kuthibitisha jina lake, wazazi wake na mahali alipozaliwa. Nasi tunaishi mpakani: Burundi iko upande mmoja, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Tangu wimbi la wakimbizi la mwaka 1972 kutoka Burundi, na lile la mwaka 1996 kutoka Kongo lililoanzisha kambi ya Nyarugusu, mwana wa Kigoma amekuwa akiulizwa mara nyingi kuliko Mtanzania wa mikoa mingine: "Wewe ni wa wapi hasa?" Kwa mtu wa namna hiyo, mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo waweza kuwa ndio jibu lake. Anayeuingiza mstari huo katika kompyuta iliyofungwa, kisha akakiachia kitabu mchwa, amemnyang'anya mtu huyo jibu lake. Kompyuta na iwe msaidizi wa kitabu, isiwe kaburi lake.

Tunaloliomba si jambo geni, wala halikuletwa na kompyuta. Wale waliotutangulia walijua kufunga, na walijua pia kufikiria kufungua.

Tazameni sheria ya Kanisa. Kanuni ya 487 ya Mkusanyo wa mwaka 1983 inaagiza kwamba hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo wake wawe nao askofu na kansela tu. Wengi husoma neno "tu" wakasahau kuhesabu: ni watu wawili, si mmoja. Kanuni ya 490 ni kali zaidi, kwa maana inahusu hifadhi ya siri, na ufunguo wake ni wa askofu peke yake. Hata hivyo kanuni hiyo hiyo haikuishia hapo. Inaeleza nini kifanyike kiti cha askofu kikiwa wazi, yaani ni nani awezaye kuifungua, na kwa sababu gani ya lazima. Hata palipo na siri kubwa kuliko zote, sheria ilikwisha kuifikiria siku ya kifo cha mwenye ufunguo. Nayo sheria ya zamani, Mkusanyo wa mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke jimboni nakala halisi ya vitabu vya parokia. Hapakuwa na kompyuta, lakini nakala rudufu ilikuwapo.

Msipende kusafiri mpaka Roma, nendeni jirani tu, kwenye kikundi cha akina mama. Sanduku la fedha la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu. Funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mwingine. Utaratibu huo umetokana na vikundi vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika nzima hadi kwetu. Mama asiyejua kusoma aelewa sababu yake mara moja: hapana mmoja awezaye kufungua peke yake, wala hapana siri ya sanduku inayoondoka na mtu mmoja. Basi tunauliza, tena kwa sauti: inakuwaje kikundi kile kile kinacholinda sanduku la shilingi laki chache kwa funguo tatu, kinaitunza kompyuta yenye hesabu zote za miaka mingi kwa ufunguo mmoja, ulio katika baruapepe ya mtu asiyejulikana alipo? Tumeziacha akili zetu mlangoni kwa sababu tu kilichomo ndani kina skrini.

Au mtazame meli yetu ya Liemba. Wajerumani waliileta vipande vipande kutoka Papenburg, wakaiunga hapa Kigoma na kuishusha majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916 walipoondoka mbele ya adui, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo yake grisi nzito, ili siku moja ikiibuliwa iweze kufanya kazi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Adui hakuipata siku ile, na mitambo haikufa. Hivyo ndivyo afungavyo mtu mwenye busara: hufunga leo huku akiifikiria siku ya kufungua, hata kama mfunguaji atakuwa mwingine.

Tunajua hoja zitakazoletwa, nasi hatuzikimbii.

Ya kwanza husema: "Ufunguo ukiandikwa kwenye karatasi, utaibiwa." Twajibu: mwizi anayenyakua begi stendi amechukua kompyuta, hakuchukua karatasi iliyo ndani ya sefu ya parokia, wala ile iliyo kabatini kwa mwenyekiti. Karatasi ni hatari ikiwa imebandikwa chini ya kompyuta yenyewe, au imekunjwa ndani ya begi lake, kama tulivyoona wengine wakifanya. Iwekeni mbali na kufuli, nayo haimfai mwizi.

Ya pili husema: "Karatasi nayo hupotea." Ni kweli. Mwezi Januari 2021 dunia ilisoma habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aishiye San Francisco, aliyekuwa amehifadhi bitcoin 7,002 zilizokuwa na thamani ya mamilioni ya dola. Ufunguo wake ulikuwa katika kifaa kidogo kilichosimbwa, chenye kuruhusu majaribio 10 tu ya nywila, na karatasi aliyoandikia nywila ilikuwa imepotea. Alikwisha kujaribu mara 8. Huyo si mjinga wa kompyuta, bali ni bingwa. Lakini habari yake haisemi kwamba karatasi haifai. Inasema kwamba karatasi moja haitoshi, na kumbukumbu ya kichwani haitoshi kabisa.

Ya tatu husema: "Ufunguo uko mtandaoni, hauna haja ya karatasi." Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 ulimwenguni. Ili kuzifufua nyingi kati yake, mafundi walihitaji funguo za urejeshaji, na baadhi yao wakagundua kwamba funguo hizo zilikuwa zimehifadhiwa katika kompyuta ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Ufunguo ulikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Ikiwa hayo yaliyapata mashirika makubwa yenye mafundi wa kuajiriwa, sisi wa Gungu tunajivunia nini?

Ya nne husema: "Basi tuzime kufuli, tuishi kwa amani." Hapana. Humo ndani mna madeni ya watu, maradhi ya watu, na ndoa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisifikiwe na asiyehusika, na vilevile zisipotee. Sheria imeyaweka mambo hayo mawili pamoja, nasi tusiyatenganishe. Anayeacha mlango wazi na anayetupa ufunguo ziwani, wote wawili wameshindwa kutunza.

Ya tano ndiyo ngumu kusemwa, kwa sababu husemwa kwa uchungu: "Hamniamini? Mimi ni katibu kwa miaka kumi." Ndugu yetu mpendwa, uaminifu wako hauhusiki hapa. Hatukuombi ufunguo kwa kuwa u mwizi, bali kwa kuwa u mwanadamu. Utaugua, utahamishwa, utasafiri, utakufa, nasi sote tutakufa. Lakini yuko na mwingine, na huyo twamwambia wazi: yule anayeushika ufunguo peke yake ili kila mtu amhitaji, ili mkutano usifanyike pasipo yeye, ili hesabu zisikaguliwe mpaka apende. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, aya ya 52, Bwana aliwakemea walimu wa sheria kwa kosa la kuuondoa ufunguo wa maarifa, wakawa hawaingii wenyewe na wanawazuia waingiao. Hakuwakemea kwa kuwa na ufunguo. Aliwakemea kwa kuuchukua.

Basi tufanye nini? Tunaomba kila kikundi, kwaya, shule na ofisi itusomayo ifanye mambo haya kabla mwezi huu haujaisha, kompyuta ikiwa bado inawaka.

Kwanza, fahamuni kama kompyuta yenu imesimbwa. Fungueni sehemu ya kuandikia amri kwa mamlaka ya msimamizi, mwandike manage-bde -status, nayo itawaambia. Ikiwa imesimbwa, andikeni manage-bde -protectors -get C: na zile tarakimu 48 zitaonekana, pamoja na kitambulisho cha ufunguo. Mtumiaji wa kompyuta ya Apple naye aulize habari za kufuli yake iitwayo FileVault, kwa maana shauri ni lile lile.

Pili, nakilini tarakimu hizo kwa mkono kwenye karatasi mbili, pamoja na herufi na tarakimu 8 za mwanzo za kitambulisho, jina la kompyuta na tarehe. Mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti na kuhakiki. Msizipige picha kwa simu na kuzituma katika kundi la WhatsApp.

Tatu, tieni kila karatasi katika bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi, na viongozi wawili watie sahihi juu ya mkunjo. Bahasha mbili zikae katika nyumba mbili tofauti, wala isiwepo hata moja palipo na kompyuta. Muhtasari wa kikao uandike ni nani anatunza bahasha ipi. Tarakimu zenyewe zisiandikwe katika muhtasari.

Nne, akaunti ya kompyuta iwe ya kikundi, kwa baruapepe ya kikundi na laini ya simu inayotunzwa na kikundi. Uongozi ukibadilika, makabidhiano yataje akaunti na bahasha, kama yanavyotaja mhuri na kitabu cha hundi.

Tano, ufunguo hauzuii diski kufa. Wekeni nakala rudufu ya kumbukumbu katika diski nyingine, na yale makuu yachapwe kwenye karatasi. Vitabu vya ubatizo viendelee kuandikwa kwa kalamu.

Kwa wale ambao tayari wamefungiwa nje, twawaambia msifute kitu. Andikeni kitambulisho kinachoonekana kwenye skrini ya buluu. Kisha mtafuteni kila mtu aliyewahi kuigusa kompyuta hiyo: aliyeiuza, aliyeiweka sawa, katibu aliyepita, mtoto aliyeazimwa likizo. Kila mmoja aingie katika akaunti yake ya Microsoft na kutazama mahali zinapohifadhiwa funguo za urejeshaji, alinganishe kitambulisho. Ikiwa ubao ulibadilishwa, fundi aurudishe wa zamani kama bado anao na haujafa. Yote yakishindikana, itoeni diski muitunze. Akaunti iliyosahauliwa huweza kukumbukwa baada ya mwaka. Wakati huohuo ketini na wanachama, mkusanye stakabadhi, kadi za wanachama na kumbukumbu za miamala ya simu, muandike daftari jipya mbele ya macho ya wote.

Nanyi vijana mafundi wa mji huu, ambao kazi yenu tunaiheshimu, tunawaomba neno moja. Mnapokabidhi kompyuta, kabidhini na ufunguo. Mwambieni mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi: "Mama, kompyuta hii ina kufuli, na ufunguo wake ndio huu, uandike." Ni dakika tano. Fundi seremala hajengi mlango akaondoka na ufunguo wake, na akifanya hivyo hatumwiti seremala.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mali ya wengi hakuna ufunguo wa mmoja. Kikao chenu kijacho kiwe na ajenda hii, na majina mawili yaandikwe.